Vitabu Vinavyowafaa Wakusanyao Sarafu za Kale

Baadhi ya wasomaji wetu, na zaidi walimu wa shule za milimani, wametuuliza mara kwa mara ni kitabu gani kimfaacho mtu atakaye kukusanya sarafu za kale na kuzijua. Swali hili si la kupitishia wakati. Katika nchi yetu ya Uluguru hakuna haja ya kusafiri mbali ili kuziona sarafu hizo. Mara nyingi zimo ndani ya sanduku la bibi, zimefungwa katika kipande cha kaniki, na aliyezifunga alikwisha fariki bila kueleza alizipata wapi. Fungua kitambaa hicho, utakuta rupia yenye sura ya Kaisari, hela mbili tatu, senti yenye tundu, labda na pesa ya Unguja yenye picha ya mizani. Kampuni moja na serikali tatu zimelala pamoja katika kitambaa kimoja, wala mwenye sanduku hajui hata moja ilikuja lini.

Nyingi zilifika huku juu kwa njia ya kodi. Kabla ya utawala wa Wadachi watu walinunua na kuuza kwa nguo, kwa shanga, kwa chumvi na kwa majembe. Mwaka wa 1898 ilipoanzishwa kodi ya nyumba, nayo ikawa rupia 3 kwa nyumba ya shamba, ikawabidi watu kuitafuta rupia, wapende wasipende. Wengine walishuka kufanya kazi za mashamba na za kuchukua mizigo, na reli ilipofika Morogoro mwaka wa 1907 njia ya fedha ikapanuka zaidi. Basi kila rupia iliyobaki sandukuni ni jasho la mtu fulani, lililosalia baada ya kodi kulipwa.

Twayasema haya kwa sababu siku hizi sarafu hizi zimekuwa mtego. Wapo watu wapandao kutoka mjini hata Mgeta, Matombo na Kinole, wengine kununua, wengine kuuza. Anunuaye humwambia bibi ya kuwa hela zake ni takataka, akampa bei ya kilo moja ya sukari. Auzaye huja na uvumi: ati rupia ya Mdachi ya mwaka fulani yauzwa kwa mamilioni Dar es Salaam, ati ndani yake mna zebaki, ati ina nguvu isiyo ya dunia hii. Tumeona mtu akiuza mbuzi wake na kipande cha shamba la migomba ili anunue kipande cha chuma kilichopakwa rangi ya fedha. Yule bibi na mtu huyu wamepotea kwa sababu moja, maana hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kitu cha kuyapimia maneno ya mgeni. Hapo ndipo kitabu kinapotakiwa.

Walakini si kila kitabu. Wengi waulizao kitabu cha sarafu hutaka kitabu cha bei, na wakishakipata husoma safu ya bei peke yake, kama msomaji wa barua asomaye jina lake tu kisha akaikunja. Maoni yetu ni kwamba bei ndiyo sehemu ya kitabu ichakaayo kwanza. Bei hupanda na kushuka, hutofautiana kati ya London na Dar es Salaam, tena huandikwa kwa sarafu safi isiyokwaruzwa, wala si kwa ile iliyotobolewa ikavaliwa shingoni miaka thelathini. Uzito hauchakai. Rupia ya Wadachi ilipigwa kwa gramu 11.66, sawa na rupia ya Uhindi, na sehemu 917 katika 1000 zilikuwa fedha halisi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1890, hivyo ndivyo itakavyokuwa watoto wetu watakapoipima, ila imepungua kidogo kwa kuguswa na vidole. Kwa hiyo kitabu kinachotaja uzito, upana, madini, mwaka, herufi za kiwanda na hesabu ya sarafu zilizopigwa chafaa hata kikiwa na umri wa miaka arobaini. Kitabu kinachotaja bei tu hakifai hata mwaka huu.

Tukikipima kwa kipimo hicho kile kijulikanacho kuliko vyote, yaani orodha kuu ya sarafu za dunia iliyoanzishwa Marekani na Chester Krause na Clifford Mishler, toleo lake la kwanza likiwa la mwaka wa 1972, twaona sifa yake si ya bure. Ni kitabu kinene mno, kikubwa kuliko kitabu cha anwani za simu, chenye picha za sarafu za karibu kila nchi. Kila sarafu imepewa nambari, na nambari hizo, ziandikwazo kwa herufi KM, zimekuwa lugha ya wafanya biashara wa sarafu ulimwenguni kote. Mtu wa Kiroka akiijua nambari ya sarafu yake aweza kusema na mtu wa Berlin bila kutuma picha. Hilo si jambo dogo.

Lakini kitabu hiki kilitungwa na watu waliotazama dunia kwa ramani, si kwa sanduku la bibi. Sarafu zetu zimetawanyika ndani yake. Rupia na hela zimo chini ya jina la Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Senti na shilingi za Waingereza zimo chini ya Afrika ya Mashariki. Pesa ya Sayyid Barghash imo chini ya Zanzibar, mwisho kabisa wa kitabu. Na shilingi yetu ya tangu 1966 imo chini ya Tanzania. Msomaji asiyezoea hupekua kurasa mia mbili, akachoka, akasema sarafu yake haimo. Baadaye yakazidi mabaya, kwani kitabu kiligawanywa kwa karne. Rupia zilizopigwa kwa jina la kampuni ya Wadachi ni za miaka ya 1890 hata 1902. Basi ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja amewekwa katika kitabu cha karne ya 19, na mwingine katika kitabu cha karne ya 20, nawe watakiwa kununua vyote viwili. Kwa mtu mwenye maduka hilo si kitu. Kwa mwalimu wa kijijini ni mshahara.

Kwa hiyo shauri letu litawashangaza wapendao vitu vipya: tafuta toleo la zamani. Matoleo ya miaka ya 1970 na 1980 yalikuwa na karne hizo mbili pamoja katika jalada moja. Maktaba za mijini na za ng'ambo huyatupa, na wauza vitabu vikuukuu huyatoa kwa bei ndogo kwa kuwa bei zilizomo zimepitwa na wakati. Sisi bei hizo hatuzitaki; yaliyobaki ndiyo tutakayo.

Tena katika kitabu hicho mna ukurasa mmoja ambao peke yake watosha kumwokoa mtu. Ni ule wenye namna za tarakimu za mataifa mbalimbali, pamoja na jedwali la kugeuza miaka ya Kiislamu kuwa miaka ya Kizungu. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash ina tarehe ya 1299 kwa tarakimu za Kiarabu. Muuzaji mjanja humwambia mnunuzi, "Tazama, elfu moja mia mbili tisini na tisa, sarafu hii ina umri wa zaidi ya miaka mia saba." Mnunuzi aliyesoma chuoni aziona tarakimu ni za kweli, akaamini. Jedwali lasema 1299 ya Hijra ni 1882. Karne sita zimeyeyuka kwa kutazama mstari mmoja. Vivyo hivyo pesa ya kampuni ya Wadachi, yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, ina miaka 1307, 1308 na 1309, yaani 1890, 1891 na 1892. Na mwaka wa Kizungu umeandikwa upande wenye tai, hata asiyesoma Kiarabu aweza kujihakikishia akigeuza tu sarafu.

Wanaopenda sarafu za Wadachi peke yake husifu kitabu cha Kurt Jaeger juu ya sarafu za Kijerumani za tangu 1871, nasi twawaunga mkono kwa sehemu kubwa. Kimeandikwa kwa Kijerumani, lakini kinachohitajiwa ni tarakimu na picha, na hizo hazina lugha. Makoloni yamepangwa pamoja. Kitabu chaonyesha herufi za viwanda, A kwa Berlin na J kwa Hamburg, na jinsi hesabu ya fedha ilivyogeuzwa mwaka wa 1904: kwanza pesa 64 zilifanya rupia moja, kisha hela 100. Ndugu msomaji, hapo ndipo tulipolipata neno hela. Jina la sarafu ndogo ya shaba iliyodumu miaka kumi na michache limebaki vinywani mwetu kuwa jina la fedha zote, hata noti, na mtoto aombaye hela ya daftari hajui ya kuwa anaitaja sarafu ya Kaisari.

Sifa kubwa ya Jaeger ni jinsi alivyozishughulikia sarafu za vita. Mwaka wa 1916, nchi ilipozingirwa na hakuna meli ya kuleta fedha kutoka Ulaya, Wadachi walipiga sarafu zao huko Tabora, katika karakana ya reli. Za hela 5 na hela 20 zilifanywa kwa shaba, nyingi zikitokana na maganda ya risasi za mizinga. Na kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke walipiga sarafu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Chini ya tarehe kuna herufi T. Za dhahabu zilipigwa 16,198 tu, nazo ni namna mbili, zikitofautiana kwa mahali inapoishia nakshi chini ya jina la nchi. Jaeger ameipa sarafu hiyo nambari 728. Hela 20 za Tabora nazo ni za namna nyingi, za taji kubwa na za taji dogo, za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, na hata mkia wa tarakimu 2 haukufanana, kwa kuwa vyuma vya kupigia vilikuwa vikichakaa na kufanywa upya kwa haraka. Waingereza waliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na Wabelgiji wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Kazi hiyo yote ilifanyika katika miezi michache.

Haya ni mambo makubwa, na kitabu kinayaeleza vema kwa namna yake. Lakini kinayaeleza kama mtu asimamaye Berlin akitazama kwa darubini. Chasema nakshi inaishia wapi. Hakina nafasi ya kusema ni mikono ya nani iliyozungusha mashine, wala askari aliyelipwa hela 20 ya Tabora alizipokeaje sokoni, wala mke wake alikubaliwa au alikataliwa alipotaka kununua mtama. Hatumlaumu Jaeger. Alitunga orodha, na orodha ni orodha. Tunamlaumu msomaji adhaniaye kwamba akiijua nambari 728 amekwisha ijua vita.

Juu ya sarafu za Waingereza hatuna maneno mengi. Ni rahisi kuzitambua, zina miaka na maandishi ya kusomeka, na orodha kuu yatosha. Mambo mawili tu yafaa kuonywa. Shilingi za tangu 1921 hata 1946, ambazo wauzaji huziita fedha tupu, zilikuwa na robo tu ya fedha, yaani 250 katika 1000. Kitabu chochote chema chasema hivyo. La pili ni senti 5 na senti 10 za mwaka wa 1936 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyetawala kwa muda usiotimia mwaka, akajiuzulu. Kwa kuwa sarafu zenye tundu hazina sura ya mfalme ila jina lake, ziliwahi kupigwa, na tena kwa wingi. Habari yake ni nzuri sana, na kwa sababu habari ni nzuri watu hudhani sarafu ni ya thamani kubwa. Kumbe sivyo. Kuna sarafu zilizo adimu kwa habari na zilizo adimu kwa hesabu, na kitabu chenye hesabu ya sarafu zilizopigwa ndicho kitenganishacho hizi na zile. Linganisha na rupia 2 za Wadachi za 1893 na 1894, ambazo mtu hazisimulii lolote, lakini ni haba mno. Na kwa sababu hiyo wenye kughushi wamezipenda.

Sasa tufike pwani, maana wapo wasomaji walioletewa visarafu vidogo vya shaba wakaambiwa ni vya Kilwa. Orodha kuu haitakusaidia, kwa kuwa yaanzia karne ya 17, na masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao karne nyingi kabla ya hapo. Yakupasa kuendea maandishi ya wataalamu: John Walker, aliyezipanga sarafu hizo kwa majina ya masultani mwaka wa 1936, Freeman-Grenville, aliyefuata baada yake, na Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani, akachapisha majalada mawili makubwa mwaka wa 1974. Katika vitabu hivyo twajifunza jambo la kupendeza, kwamba sarafu za Kilwa zina vina. Maneno ya upande mmoja, yenye kumtukuza Mungu, yanaishia kwa sauti ile ile ya jina la sultani lililo upande wa pili, hata sarafu moja ni kama ubeti mdogo. Yeyote aliyelelewa katika mashairi ya Kiswahili atafurahi kulijua hilo kuliko kuijua bei. Twajifunza pia kwamba sarafu hizo za shaba hazina tarehe.

Na kwa kuwa hazina tarehe, hapa kanuni yetu ya kupenda vitabu vya zamani yageuka. Uzito hauchakai, lakini rai za wataalamu huchakaa. Kwa muda mrefu sarafu za sultani Ali bin al-Hasan ziliwekwa karibu na mwaka wa 1200. Kisha mwaka wa 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ilichimbuliwa akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya elfu mbili, pamoja na chache za dhahabu zilizotoka nchi za Waislamu zenye tarehe zao. Ndipo wataalamu wakamrudisha sultani huyo nyuma hata karne ya 11. Mwenye kitabu cha Chittick peke yake ataandika tarehe isiyokubaliwa tena. Kwa sarafu za Wadachi nunua cha zamani. Kwa sarafu za Kilwa soma cha zamani, kisha uulize kipya kimesema nini. Hasa ukiletewa sarafu ya Kilwa milimani, uliza imefikaje. Nyingi zilizoonekana zilitoka Kilwa yenyewe na kisiwa cha Mafia. Moja ilionekana Zimbabwe Kuu, na mwaka wa 1944 askari mmoja aliokota tano katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, jambo ambalo hata leo linawashughulisha wataalamu. Basi hatusemi haiwezekani kufika Matombo. Twasema tu kwamba anayedai hivyo atoe maelezo.

Tena kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havimwambii msomaji wetu. Kwa sheria ya Tanzania ya mambo ya kale ya mwaka wa 1964, vitu vilivyofanywa na watu kabla ya mwaka wa 1863 vinahesabiwa kuwa kumbukumbu za kale, na sheria ina masharti juu ya kuviuza na kuvipeleka nje ya nchi. Sarafu za Kilwa ziko huko. Rupia na hela haziko. Kitabu kilichochapwa Marekani chaweza kukutajia dola ngapi sarafu ya kale imeuzwa mnadani, bila kukudokeza ya kwamba wewe ukiiuza vivyo hivyo waweza kushitakiwa. Ukiiokota sarafu ya namna hiyo shambani, ipeleke kwa wakuu wa Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa, pamoja na habari ya mahali ilipokuwa.

Tumebakiza kitabu cha namna ya mwisho, na hiki hakimo katika maduka ya sarafu. Ni kamusi ya zamani. Askofu Steere wa Unguja, katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1870, alihifadhi majina ya fedha kama yalivyosemwa sokoni siku zile. Humo utakuta reale ya Sham na reale ya mzinga. Orodha za Wazungu zaita ya kwanza kwa jina la malkia Maria Theresa wa Austria, na ya pili kwa jina la mfalme wa Hispania. Lakini mtu wa Unguja aliyetazama zile nguzo mbili zilizochorwa juu ya fedha ya Kihispania aliona mizinga, akaiita hivyo. Kamusi ya Johnson ya mwaka wa 1939 nayo yafaa, kwa mfano kuhusu sumuni: neno hilo asili yake ni Kiarabu, nalo ni sehemu ya nane, wazee wetu waliita senti 50 kwa jina hilo, ingawa hamsini si sehemu ya nane ya mia. Jina lilitoka katika hesabu ya fedha nyingine, likahama, likaendelea kuishi. Hakuna orodha ya sarafu itakayokueleza hayo. Mwenye kukusanya sarafu za Afrika ya Mashariki bila kamusi ya Kiswahili anakusanya madini tu.

Na kwa kuwa tumeitaja reale ya Sham, tuonye neno moja. Sarafu zote za namna hiyo zina mwaka wa 1780, mwaka aliofariki malkia yule. Lakini viwanda mbalimbali viliendelea kuipiga sarafu hiyo kwa tarehe ile ile muda wa karne mbili na zaidi, kwa kuwa wafanya biashara wa Arabuni, wa Uhabeshi na wa pwani yetu hawakukubali nyingine. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo. Basi tarehe ya 1780 haithibitishi lolote. Zipo zilizopigwa wakati wa babu zetu, na zipo zilizopigwa juzi. Kitabu kinachoiorodhesha sarafu hii kwa mstari mmoja tu, "1780", bila maelezo ya alama za viwanda, kirudishe dukani.

Twaulizwa, je, mtu mwenye fedha ya kitabu kimoja tu achague kipi? Twajibu: toleo la zamani la Krause na Mishler lenye karne mbili katika jalada moja, linunuliwe na shule au na jamaa kumi kwa shirika, likae mahali ambapo bibi yeyote aweza kuja na kitambaa chake akasomewa. Mwalimu azitafsiri kurasa zetu nne kwa Kiswahili katika daftari. Ni kazi ya siku chache wakati wa likizo. Kitabu cha Jaeger kifuate, kwa wale wenye sarafu nyingi za Wadachi. Maandishi ya Kilwa yasomwe katika maktaba, kwa maana bei yake ni kubwa na haja yake huku milimani ni ndogo. Kamusi mara nyingi imo tayari katika kabati la shule, chini ya vumbi.

Pamoja na kitabu pawe na mizani ndogo kama ya sonara, na sumaku. Rupia ya kweli haivutwi na sumaku. Ikipungua uzito kwa gramu nzima, usiinunue, hata muuzaji akiapa. Wala mtu asizisugue sarafu kwa majivu na ndimu ili zing'ae kabla ya kuzipeleka kuonyeshwa. Wanaozijua huzitaka na weusi wake, na kusugua kwafuta zile alama ndogo ambazo kitabu chatufundisha kuzitafuta.

Kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, chenye sarafu za nchi yetu zote pamoja, na majina yake kama wazee walivyoyasema, hatujakiona. Mpaka kitakapotokea, daftari la mwalimu litashika mahali pake, nalo lina nafasi ambayo Krause na Jaeger hawakuiacha. Ile hela 5 kubwa ya shaba, ya 1908 na 1909, nzito gramu 20, ambayo Wadachi waliacha kuipiga baada ya miaka miwili tu, waliiitaje wazee wa Mgeta na wa Mkuyuni? Walionunua kitu kwayo, walinunua nini? Aliyeambiwa na bibi yake aandike karibu na uzito wa sarafu jina lile, na kijiji, na mwaka alioambiwa.